Frigo ya chanjo: butoni ya baridi iwekwe kwenye namba gani?

Kisha kipindi chetu juu ya chanjo ya watoto, mama mmoja wa hapa Kampene alitupigia simu na swali ambalo lilitushika. Alisema: «Ile frigo ya senta ya afya, wakiiweka baridi mingi kabisa, si ndio chanjo inalindwa vizuri?»

Watu wengi tunafikiri vile. Tumezoea nyama na samaki: baridi ikizidi, chakula kinakaa siku mingi zaidi. Kwa chanjo si hivyo. Kuko chanjo ambazo baridi ya kupita kipimo inaziharibu mbio kuliko joto, na wewe ukishika kichupa mkononi unaweza usione kitu.

Makala hii inaeleza kipimo chenyewe, namna termostati ya frigo inavyofanya kazi, lini muuguzi anaweza kuigusa na lini aiache, na mzazi anaweza kuangalia nini. Mwisho tuko na maneno machache kwa wenye frigo nyumbani ao dukani.

Kipimo ni kati ya 2 na 8

Katika senta ya afya, chanjo za watoto zinawekwa kati ya digrii 2 na digrii 8. Kipimo hicho kinatoka kwa Shirika la Afya Duniani (OMS), na ndicho PEV, ile programu ya chanjo ya inchi yetu, inakifuata kila pahali. Kindu, Kampene, Kalima ao Kinshasa, namba ni ile ile.

Chanjo inafika huku kwa safari ndefu. Inashuka na ndege mpaka Kindu, halafu inapanda barabara tunayoijua sisi wote, mara nyingi juu ya pikipiki, ndani ya glasiyere yenye paketi za barafu. Inalala kwenye frigo ya zoni ya afya, kisha inaenda kwenye senta, na kutoka senta muuguzi anaibeba mpaka kijijini, pengine kwa miguu. Safari hiyo yote inaitwa mnyororo wa baridi. Ikikatika pahali pamoja, hata usiku mmoja tu, kazi yote ya nyuma inaweza kuwa bure.

Adui wa chanjo ni wawili, na tabia zao ni mbalimbali.

Joto linakula polepole. Saa chache za leo zinajumlishwa na saa chache za kesho, mpaka siku moja nguvu ya chanjo imeisha. Kuganda kunaua mara moja. Kichupa kikiganda usiku, asubuhi barafu ikiyeyuka, ile chanjo haitarudi tena kuwa chanjo.

Lakini si chanjo zote zinaogopa kitu kimoja:

– Zinazoogopa kuganda: Penta (ile ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, hepatiti B na Hib), chanjo ya pnemokoki (PCV), chanjo ya polio ya sindano (VPI), na Td ya pepopunda wanayopewa wamama wenye mimba.

– Zinazoogopa joto zaidi: chanjo ya polio ya matone (VPO), chanjo ya surua (VAR), ya homa ya manjano (VAA) na BCG. VAR na BCG zinaogopa hata mwangaza. Ile unga yao haiumizwi na kuganda, lakini maji ya kuichanganya hayatakiwi kugandishwa, maana chupa yake inaweza kupasuka.

Zote zinakaa katika frigo moja. Ndiyo maana kipimo kiko katikati: si joto, si barafu.

Namba ya butoni si digrii

Hapa ndipo makosa mingi yanaanzia. Kwenye frigo nyingi butoni ya termostati iko na namba 1 mpaka 5, ao 1 mpaka 7. Mtu anaona 4, anafikiri ni digrii 4. Hapana. Ile namba inaonyesha tu nguvu ya baridi unayoomba. Namba ndogo ni baridi kidogo, namba kubwa ni baridi kali. Mtu akisema «ninapandisha termostati» akifikiri analeta joto, kumbe anagandisha.

Ndani yake termostati si kitu cha ajabu. Kuko kibomba kidogo chenye gazi kinachogusa pahali pa baridi. Frigo ikipata joto, ile gazi inavimba na kusukuma kiwashio, mashini inawaka. Baridi ikitosha, gazi inajikunja, mashini inazima. Ukizungusha butoni unabadilisha tu pahali pa kuzima. Termostati haijui kama nje kuko mvua ao jua, haijui kama ndani kuko chanjo ao soda. Inafanya ulichoiambia.

Basi namba gani? Jibu: ile ambayo inafanya termometa ya ndani isome kati ya 2 na 8, mchana na usiku. Kwa frigo moja inaweza kuwa 2, kwa frigo ingine 4. Anayejibu ni termometa, butoni hapana.

Namna ya kuiweka mara ya kwanza

Frigo mpya, ao iliyotoka kutengenezwa, inawashwa bila chanjo ndani. Unaweka butoni kwenye namba ya katikati, unaweka termometa pale chanjo zitakapokaa, unafunga mlango, unaacha mpaka kesho yake.

Asubuhi na mapema, wakati nje kuko baridi kuliko saa zote, unasoma. Huo ndio mtihani wa kwanza. Sisi tunaoishi Maniema tunajua namna hewa inavyopoa kisha mvua ya usiku. Frigo iliyorekebishwa saa nane ya mchana, jua likiwa kali, inaweza kupita chini ya sufuri ile saa kumi na moja ya alfajiri, wakati kila mtu amelala. Kwa hiyo unatafuta namba ambayo asubuhi haishuki chini ya 2, halafu unahakikisha mchana haipandi juu ya 8. Ukibadilisha, badilisha kidogo, namba moja tu, na ungoje tena siku nzima.

Ukisha kupata, unaandika ile namba kwenye karatasi, unaibandika juu ya mlango, na hauigusi tena. Kazi inayobaki ni kusoma termometa mara 2 kwa siku, asubuhi na magaribi, na kuandika kwenye fishi ya joto. Mara 2 hata siku ya posho, hata siku ya Mungu, hata sikukuu. Frigo haina konje.

Lini usiiguse

Wafundisha-wauguzi wa OMS wanarudilia mambo matatu:

1. Kama termometa iko kati ya 2 na 8, usiguse. Leo 3, kesho 6, ni sawa. Usitafute namba nzuri ndani ya namba nzuri.

2. Kama umeme ulikatika na umerudi, usiongeze baridi. Frigo itarudi yenyewe kwa namba ile ile. Ukiongeza, itaendelea kushuka hata kisha kufika kipimo, na utagandisha.

3. Kama chanjo mpya zimefika na frigo imejaa, usiongeze baridi. Wacha nafasi ya hewa kati ya masanduku, funga mlango, ngoja.

Na kama joto limepita 8? Kabla ya kushika butoni, tafuta sababu: frigo inawaka kweli? Mlango unafunga vizuri, mpira wake haujapasuka? Barafu haijajaa mpaka inazuia baridi kushuka? Kama yote iko sawa, ndipo unaongeza namba moja. Ikishindikana, chanjo zinahamishwa kwenye glasiyere na kupelekwa kwenye frigo ingine, na ofisi ya zoni inaambiwa siku ile ile.

Na kama imeshuka chini ya 2? Unapunguza namba moja, unaangalia kama mlango wa friza unafunga, na unachunguza zile chanjo zinazoogopa kuganda. Si kesho. Sasa.

Petroli, umeme, jua

Wazee wa kazi wanakumbuka frigo za petroli. Hizo ziliwashangaza watu: moto chini, barafu juu. Moto unachemsha amonia na maji ndani ya mabomba, na ile safari ya amonia, kupanda, kupoa na kurudi, ndiyo inavuta joto kutoka ndani. Kwa hiyo kwa frigo ya petroli, moto mkubwa unaleta baridi zaidi. Mwenye kuilinda anacheza na utambi: ndimi ya bluu bila moshi ni nzuri, ndimi ya manjano inajaza masizi na baridi inapungua. Frigo yenyewe lazima isimame sawasawa, isiinamie upande. Kuilinda kati ya 2 na 8 usiku na mchana ni kazi ngumu, na petroli ikikosa sokoni yote inasimama. Ndiyo sababu OMS na UNICEF waliziacha.

Frigo ya umeme ni rahisi pahali umeme uko. Kwetu umeme wa kila saa ni wa watu wachache, na grupu elektrojeni inayowashwa saa 3 ao 4 kwa siku haitoshi frigo ya kawaida.

Leo senta nyingi za Kongo ziko na frigo za jua. Zile za zamani zinaweka nguvu katika betri. Betri ikizeeka, frigo imekufa. Za sasa mingi hazina betri: pano zinapeleka nguvu moja kwa moja kwenye mashini, na mchana mashini inatengeneza barafu ndani ya kuta. Ile barafu ndiyo inalinda chanjo usiku, na siku za mawingu, kwa siku 3 ao zaidi. Nyingi kati ya hizo ziliwekwa kipimo kiwandani ili chanjo isigande, na muuguzi hana butoni ya kuzungusha kila siku. Ni vizuri sana, lakini zinaomba kitu kimoja: jua lifike kwenye pano. Mti wa muhogo hauwezi kuzifikia, lakini papai na mlimbo wa jirani vinakua. Vumbi na majani vinafunika. Na mtu anayechomeka waya kwenye pano za senta ili achaji simu anakunywa baridi ya watoto.

Ile niliyoiona

Miaka fulani nyuma, katika kazi, nilifika kwenye senta moja ya afya mbali na mji. Jina lake ninaliacha. Walikuwa na frigo ya jua ya zamani, yenye betri na butoni ya namba 1 mpaka 7. Mawingu yalikaa siku nne, termometa ikapanda mpaka 10. Muuguzi aliogopa, akapeleka butoni kwenye 7. Siku ya posho jua likatoka, kali. Yeye alikuwa amekwenda kwenye kilio cha ndugu yake. Alipofungua frigo kisha siku mbili, Penta na Td zilikuwa zimeganda kama mawe.

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo. Wamama walikuwa wameambiwa.

Aliniambia: «Ndugu, kama ningengoja barafu iyeyuke na kuchanja, hakuna mtu angejua. Hata mimi kwa macho nisingetofautisha.» Ni kweli. Mtoto angelia, kadi ingeandikwa tarehe, mama angerudi nyumbani na furaha. Na mtoto yule angebaki bila ulinzi wa kifaduro na pepopunda, na hakuna mwenye angerudi kumchanja tena, juu kadi inasema amechanjwa.

Muuguzi yule aliandika ripoti yake, akapeleka vichupa vyote kwenye zoni, akawaeleza wamama uso kwa uso. Wengine walimkasirikia, walikuwa wametembea saa tatu. Wiki mbili mbele chanjo zingine zilifika. Tangu siku ile ninamheshimu.

Kutikisa kichupa

Kama unashuku kichupa kiliganda, kuko mtihani wa kutikisa. Unafanywa kwa Penta, Td na zingine zinazoonekana kama maji yenye mawingu. Muuguzi anachukua kichupa kingine cha aina ile ile, kiwanda kile kile, loti ile ile, anakigandisha makusudi mpaka kiwe barafu kabisa, anaandika juu yake ILIGANDA, halafu anaacha iyeyuke. Hicho ndicho shahidi.

Kisha anashika shahidi na kile anachokishuku katika mkono mmoja, anavitikisa pamoja sekunde 10 mpaka 15, anaviweka juu ya meza na kuangalia mpaka dakika 30. Chanjo iliyoganda inafanya vipande vidogo, na vinashuka chini mbio. Kama kile cha kushuku kinashuka polepole kuliko shahidi, hakikuharibika, kinaweza kutumiwa. Kama vinashuka sawa, ao chenyewe kinashuka mbio zaidi, kinatolewa. Shahidi pia hachanjwi mtu.

Lakini kichupa kilichoonekana kimeganda kigumu, kama vile vya muuguzi wetu, hakiombi mtihani. Kinatolewa moja kwa moja.

Kuko pia ile pastiye juu ya kichupa: duara, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzuri. Mraba ukilingana rangi na duara, ao ukiwa mweusi zaidi, chanjo imekula joto mingi, itolewe. Angalisho kubwa: pastiye inaona joto tu. Haioni kuganda. Kichupa kinaweza kuwa na pastiye nzuri kabisa na chanjo imekufa.

Ndiyo maana frigo nyingi sasa ziko na kile kiandikio kidogo cha umeme kinachokumbuka siku 30. Kinapiga alama kama baridi ilishuka mpaka nusu digrii chini ya sufuri kwa dakika 60, ao kama joto lilipita 8 kwa saa 10. Muuguzi akilala, chenyewe hakilali.

Juu ya nini tunasumbuka hivi

Mwaka wa 2017, polio ilitangazwa katika Maniema yetu, kwenye zoni ya afya ya Kunda. Ilikuwa ile aina inayozaliwa na kuenea pahali ambapo watoto wengi hawakupata chanjo. Mwaka wa 2019 surua ilipita katika Kongo yote, na mwanzo wa 2020 OMS ilihesabu vifo zaidi ya 6 000, wengi wao watoto. Sababu zilikuwa mingi: barabara, vita, uhaba wa chanjo, wazazi waliokataa. Hatuwezi kusema ni frigo. Lakini tunajua kwamba mtoto aliyechanjwa na chanjo iliyoharibika anahesabiwa pamoja na waliolindwa, na ugonjwa ukifika haumuulizi kadi.

Mzazi afanye nini?

Siku ya chanjo, uliza kwa adabu. Muuguzi mwema hatakasirika.

– «Titilere, tunaweza kuona fishi ya joto?» Inatakiwa kubandikwa kwenye frigo, iwe na namba 2 za kila siku. Fishi yenye namba moja ile ile mwezi mzima, 4, 4, 4, inaweza kuwa imeandikwa siku moja.

– Angalia kama ndani ya frigo hakuna soda, nyama ao chakula cha mtu. Kila mlango unapofunguliwa kwa ajili ya maji ya kunywa, joto linaingia.

– Chanjo ya surua, ya homa ya manjano na BCG, ikisha kuchanganywa na maji yake, inamaliza saa 6 tu. Iliyobaki inatupwa. Usimlazimishe muuguzi akuwekee mpaka kesho.

– Ukirudishwa nyumbani juu chanjo imeharibika, uchungu unaeleweka. Lakini rudi siku utakayoambiwa.

Kwa CODESA na wareko: mukiwa na mkutano, wekeni frigo kwenye ajenda. Nani anasoma termometa siku ya Mungu kama titilere amesafiri? Nani anapangusa pano? Nani anakata matawi? Kazi hizi haziombi pesa.

Na frigo ya nyumbani?

Butoni ni ile ile: namba kubwa, baridi kali. Kwa chakula, ndani ya frigo tafuta digrii 4 hivi, na friza digrii 18 chini ya sufuri. Kama hauna uhakika, weka termometa ndani ya glasi ya maji katikati ya frigo, usome asubuhi.

Wewe unayeuza tomson na kuku za friza na unawasha grupu magaribi tu: kuzungusha butoni mpaka mwisho hakufanyi frigo ipoe mbio. Mashini inafanya kazi kwa nguvu ile ile, tofauti ni pahali pa kuzima. Kinachosaidia ni kujaza friza vizuri, kuweka chupa za maji zigande wakati grupu inawaka, mchana zilinde baridi, na kutofungua ovyo. Samaki iliyoyeyuka kabisa na kukaa kwenye joto zaidi ya saa 2 isirudishwe kwenye barafu ili iuzwe tena kesho.

Na tafadhali: muuguzi akikuomba umlindie chanjo usiku mmoja katika frigo ya duka juu yake imekufa, usiziweke kwenye friza, usizigusishe ukuta wa barafu. Ziweke katikati, na termometa pembeni. Ikisoma kati ya 2 na 8, mufunge mlango, mulale.